Siku Afande Kifua Alipofika Mwisho

Taarifa ya kifo cha Method ilinifikia kwa ujumbe wa simu nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura yake wala sala ya marehemu. Ilikuwa sauti yake kwenye kipaza sauti, akimsemea askari wa kwenye televisheni: mama, ugali wangu ufunike, nina watu mia mbili wa kupiga halafu narudi. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu, kisha nikaona haya, kisha nikaenda kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Kesho yake nilipanda basi Songea. Tukapita Kitai, tukafika Mbinga, nikateremka kubadilisha gari, na kwa kuwa gari la Mbamba Bay lilikuwa halijajaa, miguu yangu ikanipeleka yenyewe mpaka lilipokuwa banda la video. Siku hizi ni duka la vifaa vya ujenzi. Nilisimama mbele ya mabati mapya mpaka mwenye duka akaniuliza nyumba yangu ina futi ngapi. Nikamwambia natazama tu. Method alikuwa Mmatengo, mtoto wa mlimani aliyezaliwa katikati ya kahawa, na alikuwa anakwenda kuzikwa ziwani. Mimi ni Mnyasa wa ziwani, na nimeotea mvi huku juu kwenye baridi. Watu wakisikia habari hiyo husema ndiyo maisha. Mimi najua si maisha, ni mimi.

Mwaka ninaousema tulikuwa tumefeli wote wawili kidato cha nne, na kufeli kwetu hakukuwa kwa kubahatisha, tulifeli kabisa. Nyumbani ziwani sikuwa na uso wa kurudi nao, kwa hiyo nikabaki kwao Method, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, tukisema tunajisomea ili turisiti mtihani. Chumba chetu kilikuwa ndicho stoo ya kahawa. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja dogo lililozibwa kwa gunia, na ukuta usiofika darini, hivyo kila lililosemwa upande wa pili lilitufikia bila kupungua. Mama yake alikuwa mjane mwenye sauti nzito. Alisali rozari kila jioni na baada ya rozari akaanza kututaja sisi kwa dada yake: hawa wawili wanakula kama wanakata magogo, lakini magogo siyaoni. Hata hivyo asubuhi uji wa karanga ulikuwepo, na bakuli langu halikuwahi kuwa dogo kuliko la mwanawe. Aliniita mwanangu, na alipotaka kunitania aliniita mla dagaa. Nikimkumbuka mama huyo leo sipati usingizi vizuri, na sijui kwa nini naandika haya kana kwamba kuandika kutasaidia.

Kujisomea kwenyewe kulikuwa kwa maneno tu. Mchana tulikuwa bandani. Mwenye banda alikuwa amempa Method kipaza sauti kwa sababu aliweza kutafsiri filamu za mapigano papo hapo, na watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko kuitazama filamu. Kisha watu wakaanza kununua deki zao majumbani, viti vikabaki vitupu, na mwenye banda akaleta mashine ya gemu iliyokwishatumika, na diski moja. Gemu lenyewe lilikuwa la kuzidhihaki zile filamu za zamani. Ndani yake kulikuwa na askari mwenye kifua kipana, fulana iliyochanika na miwani ya jua, miwani ambayo hakuivua hata ndani ya pango. Risasi zake hazikwisha. Helikopta aliiangusha kwa kuirushia kiatu. Jengo likilipuka nyuma yake hageuki kutazama, anatembea taratibu, anatoa kitana anachana nywele, halafu anasema utani kwa Kiingereza. Adui wake alikuwa jenerali aliyecheka kwa muda mrefu mno kila alipotokea, ukapata nafasi ya kuwapiga walinzi wake wote kabla hajamaliza. Method aliwabatiza siku ya kwanza, mmoja Afande Kifua, mwingine Jenerali Kicheko, na badala ya kucheza kimya kama watu wengine, akakamata pedi ya gemu kwa mikono miwili, kipaza sauti akakifunga kwa kamba shingoni, akaanza kuwasemea.

Sijawahi kusikia tena kitu cha namna ile. Afande Kifua wa Method alikuwa Mmatengo aliyetoka shambani bila kuaga. Akiingia ngome ya maadui alipiga hodi na kuuliza kama wazee wameamka salama. Akimrusha mtu kutoka juu ya paa, alimwomba radhi kwa kumkanyagia mahindi. Jenerali Kicheko alisema kama bwana shamba wetu wa enzi zile, kwa kukohoa na kutisha, na walinzi wake walilalamika kwamba posho haijafika. Wakulima waliokuja mjini kuuza maharage waliingia na magunia yao, wakakaa, wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi nilikuwa mchezaji wa pili. Katika gemu lile askari wa pili alikuwa mwembamba, kazi yake kubeba begi la mwenzake, na Method alimpa jina la Mnyasa. Hilo jina likanishika mji mzima. Ukweli nilifurahi. Ulikuwa mwaka ambao hatukuwa na kitu, na watu walituita kwa majina tuliyokuwa nayo ndani ya televisheni.

Lakini hatukuweza kulimaliza. Umeme wa Mbinga miaka ile ulikuwa wa mgao, saa chache tu mchana, na gemu lilihitaji karibu siku nzima. Mashine ilikuja bila ile kadi ya kuhifadhi pale mtu alipofikia, na kadi haikupatikana mjini wala Songea. Kwa hiyo kila siku tulianza mwanzo, kwenye mto ule ule, na boti ile ile, tukapigana mpaka kwenye daraja au kwenye kambi, umeme ukakatika, televisheni ikawa nyeusi, na watu wakanyanyua magunia yao. Kesho tena mtoni. Wakati ule nililiona jambo la kuchekesha. Method hakuliona hivyo. Alitaka kuufikia mwisho kwa njaa ambayo sikuielewa. Siku moja tukirudi nyumbani aliniambia kwamba katika maisha yake hajamaliza kitu hata kimoja, shule hajamaliza, seminari hajamaliza, na ukimaliza kitu kimoja, hata cha kipuuzi, unajua kwamba wewe ni mtu wa kumaliza. Nilimjibu kwamba anafikiri sana kwa mtu aliyepata sifuri.

Kahawa ya kwao ilifanywa kwa pamoja. Nyumba zote za kilima kile zilileta kahawa mbivu kwenye mashine moja ya kumenyea, bondeni karibu na mfereji, na baada ya kumenywa ililala ndani ya tangi la saruji mpaka ute wake ulegee, ndipo inaoshwa kwa maji mengi na kuanikwa. Kuosha kulikwenda kwa zamu. Ukiwahi kuosha, ute haujatoka. Ukichelewa, kahawa inavunda, na harufu yake haiondoki tena hata ukiiosha wiki nzima, na kwa kuwa tangi ni moja, kahawa ya kila nyumba inavunda pamoja. Ndiyo maana kupewa zamu halikuwa jambo dogo. Kijana alianza kuhesabiwa mtu mzima siku jina lake lilipoingia kwenye zamu, na Method, pamoja na kufeli kwake, alikuwa amewekwa mwaka ule kwa mara ya kwanza. Mama yake alilisema jambo hilo upande wa pili wa ukuta jioni tatu mfululizo. Safari hii rozari ilikuwa fupi na maneno ya baada yake yalikuwa ya furaha.

Siku ya zamu yake ndiyo siku alipokuja mkubwa mmoja wa serikali mjini. Wakubwa wakija, umeme haukatiki. Ulikuwa umewaka tangu asubuhi, na mwenye banda alimtuma mtu kilimani kumwita Method kabla hatujamaliza uji. Kahawa ilipaswa kuoshwa adhuhuri. Method alisema atacheza mpaka saa tano kisha atakimbia. Saa tano ikafika tukiwa tumevuka daraja, tumevuka kambi, tumeingia mahali tusipowahi kupaona, mji wenye theluji, na watu bandani walikuwa wamesimama juu ya viti. Method alinigeukia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mnyasa, nenda wewe ukanioshee," alisema. "Siwezi kuomba mtu mwingine."

"Na mimi nitauonaje mwisho?"

"Nitakungojea. Nikifika mlangoni kwa Kicheko nasimamisha, sigusi kitu mpaka urudi."

Nilikwenda. Nataka ijulikane kwamba nilitoka kweli, nikapita kanisa, nikafika pale njia inapoanza kuteremka kuelekea bondeni. Kutoka pale nilisikia banda zima linacheka, kicheko kirefu kilichopanda na kushuka, nikawaza wanacheka nini. Nikasimama. Nikajiambia nitasubiri kidogo nisikie kama watacheka tena. Wakacheka tena. Nikarudi, nikazungukia nyuma ya banda, ambako palikuwa na tundu la msumari kwenye bati, nikaweka jicho. Nilipanga kukaa dakika tano tu. Jua lilinichoma mgongoni na bati likaniunguza shavu, na sikuondoka.

Method alifika mlangoni kwa Jenerali Kicheko kama alivyosema, na kama alivyosema, alisimamisha. Aliiweka pedi chini. Watu wakaanza kupiga kelele, mwenye banda akamwambia mkubwa ataondoka na umeme utaondoka naye, na Method akawaambia kwenye kipaza sauti kwamba Mnyasa ameenda kuosha kahawa ya watu, na mtu anayekuoshea kahawa haachwi nyuma. Aliwachekesha hapo kwa hapo bila picha yoyote kusogea, labda kwa nusu saa, akimsemea Afande Kifua aliyesimama mlangoni anasafisha miwani. Kila baada ya muda alitazama mlango wa banda. Mimi nilikuwa nyuma ya bati, karibu naye kiasi cha kumgusa kwa fimbo. Ningeingia, angejua sikwenda. Ningekimbia bondeni wakati ule, bado kahawa ingeoshwa kabla ya jioni. Sikufanya hili wala lile, na sababu ni kwamba nilitaka kuona mwisho. Mwishowe akachoka kungoja, akaokota pedi, akaingia.

Mwisho wa gemu lile ulikuwa dhihaka kama sehemu nyingine zote. Afande Kifua alimpiga Jenerali katikati ya kicheko chake, akavunja mlango wa gereza, na waziri ambaye Afande alikuwa amekwenda kumwokoa alikuwa amekaa mezani anakula kuku. Waziri akauliza ni nani aliyemwita. Kisha maandishi yakatokea: hongera, sasa rudi mwanzo ufanye yote tena bila risasi. Picha ikarudi mtoni, kwenye boti ile ile. Method aliiweka pedi chini, kipaza sauti kikiwa bado shingoni. Alikuwa na maneno ya kila kitu, lakini kwa hilo hakuwa nayo. Watu walitoka taratibu, na mmoja alisikika akisema afadhali umeme ungekatika.

Nilizunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele nikihema kwa makusudi. Kabla hajaniuliza nikamwambia nilikwenda lakini mfereji ulikuwa mkavu, maji yamekatwa kule juu. Neno hilo lilinitoka tayari limeshaiva, sikulipanga. Method alinitazama viatu, vilikuwa vikavu, na ukavu wake ukakubaliana na maneno yangu. Alisema basi tutaosha alfajiri maji yakirudi, usiku wa baridi huu haitaharibika. Njiani akanisimulia mwisho wa gemu, kwa sababu aliniona maskini wa Mungu niliyeukosa. Hakunisimulia ule niliouona. Katika mwisho wake Jenerali alilia na kuomba msamaha, waziri akawakumbatia askari wote wawili, na Mnyasa akashusha begi akaambiwa aketi, amebeba vya kutosha. Kisha Afande Kifua akarudi nyumbani, akakuta ugali bado umefunikwa. Alinisimulia kwa sauti zote, akitembea kinyumenyume mbele yangu ili anione ninavyocheka. Nilicheka kila mahali palipotakiwa.

Asubuhi harufu ilitupokea kabla hatujafika kwenye tangi. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji kama kawaida. Tuliosha mpaka vidole vikakunjamana, na kila ndoo tuliyomwaga ilinuka vile vile. Mama yake alikuja, akachota punje mkononi, akanusa, akazirudisha.

Jumapili baada ya misa lilizungumzwa kwenye sengu. Kwa Wamatengo sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, na mambo huzungumzwa mkono ukiwa kwenye chakula, kwa sababu mtu anayekula na wewe si rahisi kukupiga. Siku ile walikula nyumbani kwa babu yake Method, ugali na maharage na majani ya maboga, na walimwalika Mzee Kinunda, jirani mwenye bustani kule juu mfereji unakoanzia. Mimi mgeni walinipa nafasi kati ya Method na babu. Method alisema ukweli wake wote: maji yalikatwa kule juu mchana ule, yakafunguliwa usiku. Mzee Kinunda hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba mwezi mzima amemwagilia mboga zake kwa ndoo ili watu wa kahawa wasipungukiwe, na asiyeamini apande akatazame matuta yake yalivyokauka. Kila mtu pale alijua ni kweli, maana walikuwa wamemwona na ndoo zake.

"Ulikwenda mwenyewe ukauona mfereji mkavu?" babu akauliza.

"Sikwenda, babu. Niliambiwa."

"Na nani?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya sahani. Nakumbuka tonge lilivyokuwa la moto, na kwamba sikulitoa. Method hakunitazama hata kidogo, na sasa naelewa kwamba alijizuia, kwa sababu angenitazama wangejua.

"Na mtu ninayemwamini," alisema. "Lakini zamu ilikuwa yangu. Mniseme mimi."

Babu alinawa. Mzee Kinunda akanawa. Hakuna aliyemfukuza Method wala kumtukana, huko hawana desturi hiyo. Zamu zilipopangwa upya jina lake halikuwemo, basi. Kijana aliyeharibu kahawa angeweza kusamehewa. Aliyeharibu kahawa kisha akamsingizia mzee, mbele ya chakula, neno lake halikuwa na pa kukaa tena. Usiku nilimsikia mama yake upande wa pili akisali, na baada ya rozari hakutaja mtu. Niliamua nitasema kesho. Kesho nikaamua keshokutwa. Mwezi uliofuata Method aliniuliza kwetu ziwani wanapokea wageni namna gani, nikamwandikia barua ya kumpeleka kwa baba yangu mdogo, akaondoka asirudi, na huo ndio msaada niliompa. Mimi nilibaki kwenye chumba kile, nikala uji ule, nikarisiti, nikafaulu.

Nilimwona mara mbili tu baada ya hapo. Mara ya mwisho alikuwa anashusha samaki Mbamba Bay, akanipa mbasa mkubwa nimpelekee mke wangu, akakataa katakata kupokea kitu. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamuuliza habari za hali ya hewa.

Sasa lami inafika mpaka ziwani, na safari iliyokuwa ya kutwa ikaisha kabla sijajiandaa. Walimzika kwenye makaburi yaliyo juu ya ufukwe. Kutoka mlimani hakuja mtu, mama yake alishatangulia. Katekista alisoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi ya daftari, akasema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilitazama kama kuna atakayebisha. Watu waliitikia kwa vichwa, maana ndivyo walivyomjua kwa zaidi ya miaka ishirini, mkimya, hodari wa kushona nyavu. Mimi peke yangu pale ndiye niliyejua sauti zote alizokuwa nazo, na nilijua zilikoishia.

Baada ya mazishi tulipewa ugali wa muhogo na dagaa. Binti yake mkubwa, Aneth, alininawisha mikono, kisha akachuchumaa mbele yangu na jagi lake.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye Mnyasa?"

Nikamwitikia, nikamwambia ndimi.

Alisema baba yao hakuwa msemaji, lakini kulikuwa na hadithi moja aliyowasimulia walipokuwa wadogo na kuumwa, ya Afande Kifua na mwenzake, na katika hiyo tu alibadilisha sauti. Alinitajia mwisho wake: Jenerali akilia, begi likishushwa, ugali ukiwa umefunikwa. Alisema baba yake hakukosa kumalizia kwamba rafiki yake Mnyasa hakuwahi kuuona mwisho huo, kwa kuwa siku ile alikubali kwenda bondeni kuosha kahawa ya watu, akakuta maji hakuna.

"Ni kweli, baba?" akauliza. "Hukuuona?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Tonge lilikuwa mkononi mwangu, la moto.

"Sikuuona," nikasema, nikala.